Kasha la lita 3.8: kuunda na kupaka rangi kompyuta ndogo ya mezani hapa Goma

Fundi_Katindo
Jambo bandugu. Uzi huu ni wa kutengeneza kompyuta ndogo ya mezani, kuanzia bati tupu hadi rangi ya mwisho, kwa vifaa vinavyopatikana Goma. Vipimo vyote ni vya milimita. Swali likikujia katikati, uliza palepale.

Vya ndani ni hivi. Ubao mama wa Mini-ITX, 170 × 170. Prosesa Ryzen 5 5600G, koa (viini vya kazi) 6 na nyuzi 12, ambayo inatoa picha yenyewe bila kadi ya pembeni, na hapo ndipo udogo wa kasha unapoanzia. Pawasaplai ya Flex ATX, 150 × 81.5 × 40.5. Diski ya M.2, inalala juu ya ubao wenyewe. RAM iwe vipande viwili vinavyofanana. Anayeweka kipande kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8 anaibana prosesa hii kuliko anavyodhani, maana sehemu ya picha inatumia RAM hiyohiyo na njia zake zinabaki nusu.

Nafasi ya ndani ya kasha: upana 222, kina 200, kimo 86. Upana umetoka hapa: ubao 170, pawasaplai iliyosimama kwa ubavu 40.5, kati yao 7 za kupitisha nyaya, kinachobaki kinagawanywa kwa kuta mbili. Kimo kinahesabiwa kutoka chini: mguu wa ubao (kile kinguzo kinachouinua kutoka sakafuni) 6.5, ubao wenyewe 1.6, soketi pamoja na prosesa karibu 7.5, halafu kipoza joto. Kipoza cha 67, kama Thermalright AXP120-X67, kinafikisha 82.6 na kuacha 3 na kitu chini ya mfuniko. RAM iwe ile fupi. Zenye mapambo marefu zitagonga kipoza.

Birere_243
Mukubwa, usumbufu wote huu wa nini? Madukani OptiPlex Micro na ThinkCentre Tiny za okazio (zilizotumika) zimejaa, na ni ndogo kuliko hiyo lita 3.8.

Fundi_Katindo
Kwa kazi ya ofisi nunua hiyo, sina ubishi. Ila ubao wake hauingii kwenye kasha jingine, RAM ni ya laptopu, na ya Dell ina sindano katikati ya plagi ya chaja inayouliza chaja ni ya nani. Ukichomeka chaja isiyojibu, mashine inawaka lakini prosesa inashushwa kasi, na mtu anaanza kuilaumu Windows. Uzi huu ni wa mtu anayetaka kubadilisha ubao baadaye bila kutupa kasha.

Kyeshero_Bati
Kwenye bati niachie mimi, mukubwa.

Tumieni chuma cha 1 mm, si alumini ya 1.5. Alumini ni nyepesi na mafundi wa madirisha wana mabaki mengi, lakini kile kibati cha nyuma kinachozunguka matundu ya USB na HDMI kimeundwa kubana ukuta wenye unene wa takribani 0.95 hadi 1.3. Kwenye 1.5 hakibani. Kinabaki kinacheza, na kila ukichomeka flashi kinarudi ndani.

Kasha ni herufi U mbili. U ya chini ni sakafu, uso na mgongo. U ya juu ni mfuniko na mbavu mbili. Tuhesabu ya chini: sakafu kwa nje ni 202, uso na mgongo ni 87 kila mmoja, jumla 376. Usikate 376. Bati likikunjwa linavutika na kurefuka kidogo kwenye kona, kwa hiyo kwa chuma cha 1 mm chenye mkunjo wa ndani wa 1 mm unapunguza karibu 1.8 kwa kila kona. Kata 372.4. Mashine ya kukunja ya kila karakana ina tabia yake, basi kwanza chukua kipande cha 100 cha bati hilohilo, kikunje katikati, pima mikono yote miwili kwa nje, jumlisha, toa 100. Namba hiyo ndiyo ya kupunguza, iache 1.8 yangu.

Upana wa U ya chini ni 221, usiwe 222. Nusu milimita kila upande ni ya rangi. Watu wengi wanapima bati tupu, linaingia vizuri, wanapaka, na siku ya kufunga mfuniko unakwangua kingo zote hadi chuma. Praima, rangi na verni kwa pamoja ni kama 0.1 hadi 0.15 kwa kila uso, na kwenye kiungo kimoja nyuso zinazokutana ni mbili.

Matundu yote yatobolewe bati likiwa bapa, kabla ya kukunja. Dirisha la nyuma ni 158.75 × 44.45. Kwa miguu ya ubao sitoi vipimo, kwa sababu mtu atakosea kuhamisha namba. Laza ubao wenyewe juu ya karatasi ngumu, weka alama kwenye matundu yake manne, chomeka kile kibati cha nyuma mahali pake na uchore ukingo wake, kisha hamishia karatasi kwenye bati. Alama itiwe kwa ponchi kabla ya drili, vinginevyo ncha inateleza.

Ndosho_Nyaya
Miguu ya ubao unaifungaje kwenye bati jembamba hivyo? Fundi mmoja ananiambia atobole 2.5 na kuchonga uzi wa M3 humo humo.

Kyeshero_Bati
Kaka, uzi wa M3 unapanda nusu milimita kila mzunguko. Kwenye bati la 1 mm unapata mizunguko miwili tu, na ukifungua ubao mara tatu uzi umekwisha. Toboa 3.2, tumia miguu ya shaba yenye uzi dume chini, ifunge kwa nati upande wa nje wa sakafu. Kisha miguu ya mpira ya kasha iwe na kimo cha 8 au zaidi ili nati zisikwangue meza. Gundi usifikirie kabisa, mguu ukibanduka unazunguka na skrubu na ubao hautoki tena.

Mfuniko: pinda vipande vinne vya L vya 12 × 12, vipige riveti za 3.2 kwenye kona za ndani za uso na mgongo (tundu la riveti ni 3.3), kila kimoja kiwe na nati ya M3 iliyochomelewa.

Hewa sasa. Juu ya feni ya kipoza toboa matundu ya 5, umbali wa 7 kutoka kitovu hadi kitovu, safu zikipishana. Hapo asilimia 46 ya eneo ni wazi. Ukizipanga kwa miraba, bila kupishana, inashuka hadi 40 kwa idadi ileile ya jasho. Mbavu nazo zipate safu tatu chini ili hewa itoke.

Himbi_Boy
Na joto? Nimesoma watu wa Ulaya wanapata nyuzi 70 kwa kipoza hichohicho.

Volti_Majengo
Mdogo wangu, namba za pwani usizilete hapa bila kuzirekebisha. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Feni inasukuma ujazo uleule lakini kilichomo ndani ni kidogo, hivyo inabeba joto kidogo. Kinachotuokoa ni kwamba hewa yetu yenyewe ni baridi. Ukiona joto linazidi, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao) ushushe prosesa iwe ya wati 45. 5600G inaruhusu 45 hadi 65 kwa mipangilio, na kwa kazi za kawaida hutaona tofauti. Ukiiacha ya kiwandani, hizo 65 ni za kwenye boksi tu. Ikikazwa inavuta hadi 88.

Hatari kubwa kwetu ni vumbi. Vumbi la mawe ya volkano ni gumu na lina makali, linakula bearingi za feni, na likilowa linapitisha umeme. Feni ya juu ivute hewa kuingia, matundu ya mbavu yatoe, halafu chini ya matundu ya juu tandaza kitambaa cha soksi za nailoni za kina mama, kimoja tu, kimevutwa wastani. Viwili vinanyonga feni. Kioshwe kila vumbi linapoonekana kwa macho.

Nami nina neno kuhusu umeme, na hili msilipite haraka.

Pawasaplai ina kondensa mbili za kuchuja kelele, moja kutoka kila waya wa umeme hadi kwenye mwili wa chuma. Pasipo waya wa ardhi, mwili wa kasha unakaa katikati ya hizo mbili, yaani karibu volti 110 kwenye umeme wetu wa 220. Mkondo ni mdogo, hauui, lakini unauma ukigusa kona isiyo na rangi, na unaweza kuunguza tundu la HDMI siku unapochomeka skrini yenye ardhi yake. Nyumba nyingi hapa soketi ina tundu la tatu lisilo na kitu nyuma, kwa sababu fimbo ya ardhi haiingii kwenye mwamba wa lava.

Dawa ya mwamba ni kwenda kwa ulalo badala ya wima: tafuta sehemu yenye udongo, chimba mtaro wa mita kadhaa, laza waya wa shaba usio na ganda, ufukie kwa udongo uliochanganywa na unga wa makaa, na umwagie maji kiangazi. Chumvi inasaidia kwa muda lakini inaila shaba. Na yule fundi anayeunganisha tundu la ardhi na waya wa nyutro ndani ya soketi, mfukuzeni. Siku nyutro ikikatika nje, kasha lako zima linakuwa na 220.

Ndosho_Nyaya
Dada Volti, mimi niko kwenye betri na sola, umeme wa mjini unakuja na kuondoka. Nikiacha Flex nikatumia 12 V moja kwa moja?

Volti_Majengo
Inawezekana, na unaokoa kile kinachopotea kwenye inveta. Ila angalia unanunua nini. PicoPSU-160-XT, pawasaplai ndogo ya 12 V, inataka 12 V iliyotulia, kwa kuwa ile 12 inaipitisha hivyohivyo hadi kwenye ubao. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya seli nne inafika volti 14.6 ikichajiwa, na hiyo itaingia yote kwenye feni na ubao. Kwa betri tafuta ya masafa mapana kama M4-ATX, inapokea volti 6 hadi 30.

Waya usiuchague kwa macho. Wati 120 kwa 12 V ni ampea 10. Kwa mita 2 kwenda na 2 kurudi, shaba ya 2.5 mm² inapoteza karibu volti 0.3, ya 1 mm² inapoteza 0.7 na kupata joto. Fyuzi ya ampea 15 ikae kwenye betri, siyo kwenye kasha, maana inalinda waya.

Ukibaki na Flex juu ya inveta, inveta iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi zinagombana na pawasaplai zenye kirekebishi cha PFC: mlio, au mashine inazima ghafla mzigo unapopanda.

Rangi_Himbi
Naona mmefika mahali pangu. Kabla sijaanza: kila kitu kitobolewe, kipigwe tupa na kujaribiwa kwa kufunga ubao na pawasaplai ndani, kisha kifunguliwe chote. Anayetoboa tundu moja alilosahau baada ya rangi anaimega verni kuzunguka tundu, na unyevu unaingilia hapo.

Bati gani? Kama ni chuma cheusi, kioshe mafuta kwa tina (kiyeyushi cha rangi) na kitambaa safi, kitambaa cha pili kikaushe kabla tina haijakauka yenyewe. Ikikauka yenyewe umesambaza mafuta tu. Msasa namba 180, kisha 240. Praima siku hiyohiyo. Hewa yetu ina dayoksidi ya salfa kutoka Nyiragongo, chuma kilichosagwa kikilala usiku wazi asubuhi kina wekundu.

Kama ni bati la mabati, lile jeupe la zinki, usilipake rangi ya mafuta moja kwa moja hata muuzaji akuapie. Zinki na mafuta ya rangi hiyo vinatengeneza kitu kama sabuni chini, na miezi baadaye rangi inabanduka kama ganda la yai. Msasa 240 mwepesi bila kumaliza zinki, halafu praima ya epoksi. Alumini nayo hivyohivyo.

Sehemu za chuma kugusana na chuma zizibwe kwa teipu ya karatasi kabla ya praima: duara la 10 kuzunguka kila mguu wa ubao, ukuta unaoguswa na skrubu za pawasaplai, na vile vipande vya L vya mfuniko. Waya wa ardhi anaousema dada Volti unafika kwenye mfuniko kupitia hapo tu. Ukipaka kila mahali, kasha linakuwa vipande viwili visivyojuana.

Himbi_Boy
Kiasi gani cha rangi? Na bombe (kopo la kupuliza) inatosha au lazima pistole na kompresa?

Rangi_Himbi
Nje kote ni kama 0.16 ya mita mraba, ni kasha dogo. Bombe tatu za ml 400 zinatosha: praima, rangi, verni. Kwa pistole, verni ya mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni ml 100 na hadina (dawa ya kuigandisha) ml 50 kama kopo limeandika 2:1. Soma kopo lako, mengine ni 4:1, na hadina ya kampuni nyingine usichanganye. Ukizidisha hadina ukidhani itakauka haraka, verni inakuwa kavu kama kioo na kupasuka kwenye kona.

Bombe inafaa kabisa kwa kitu cha ukubwa huu. Itikise dakika 2 kuanzia gololi inapoanza kulia. Ikiwa baridi, iweke kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si karibu na mbabula (jiko la makaa). Juu ya nyuzi 50 inaweza kupasuka. Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya kipande, pita moja kwa moja, achia ukishatoka nje, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Kona na kingo zitangulie, kwa wepesi.

Praima mikono miwili, msasa wa maji 400 kisha 600 hadi iwe laini bila kutokeza chuma. Chuma kikitokea kwenye ukingo, rudi nyuma upake praima hapo. Rangi mikono mitatu myepesi, dakika 10 hadi 15 kati yake. Verni iingie siku hiyohiyo. Ukipita muda ulioandikwa kwenye kopo, lazima upitishe msasa laini kwanza au verni itakaa juu kama plastiki iliyotandazwa.

Na verni ya 2K, ile ya kuchanganya na hadina, usiivute. Ina isosianati, ambayo inaharibu mapafu na haina harufu ya kukuonya. Barakoa ya hospitali ni pambo tu hapo. Fanyia nje au penye hewa inayopita, na kichujio cha kemikali chenye mikebe miwili. Asiyenacho atumie verni ya kawaida ya bombe, itakwaruzika mapema lakini atapumua.

Saa za kazi ni kati ya saa tatu na saa sita asubuhi. Kabla ya hapo bati bado lina umande wa ziwa, mchana upepo unainua vumbi la barabara. Mwaga maji sakafuni kwanza. Mvua ikikaribia, acha: rangi inayokauka haraka inapoza uso, unyevu unatua juu yake na inageuka nyeupe kama moshi. Ikitokea hivyo usiongeze rangi juu. Subiri ikauke, mara nyingine mkono mwepesi wa tina ya polepole unaurudisha mng'ao.

Birere_243
Mimi rangi yangu ina vitundu vidogo vya duara, kama imekimbia kitu.

Rangi_Himbi
Silikoni. Inatoka kwenye polishi ya gari, dawa ya kung'arisha dashibodi, hata losheni ya mikono. Kupaka juu yake hakuisaidii, itakimbia tena. Iache ikauke, msasa hadi chini ya vitundu, safisha kwa tina kwa vitambaa viwili, vaa glavu. Kama unatumia kompresa, fungua valvu ya chini ya tangi uondoe maji na mafuta kabla ya kila kazi.

Jambo jingine linalochanganya watu: verni ya 2K juu ya rangi ya bombe ya kawaida. Ukiipaka nzito mkono wa kwanza, tina yake inaingia chini na rangi inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, subiri, ndipo wa pili ujaze.

Fundi_Katindo
Siku ya kufunga, kabla ya kuwasha, weka multimita kwenye ohm: nguzo moja kwenye pini ya ardhi ya tundu la umeme, nyingine kwenye skrubu ya mfuniko, kisha kwenye mguu wa ubao. Isomeke chini ya 0.5. Ikionyesha zaidi au haisomi, kuna rangi mahali, kwangua chini ya kipande cha L. Pitisha sumaku ndani ya kasha lote kuokota chembe za drili, moja ikikaa chini ya ubao inatosha kuleta shoti.

Feni ikivuma kama filimbi ukifunga mfuniko, ni ile nafasi ya milimita 3 kati ya feni na matundu. Bandika pete ya sponji kuzunguka feni, ili ivute hewa ya nje tu badala ya kuzungusha ya moto iliyo ndani. Sauti inashuka na joto pia.

Himbi_Boy
Aksanti sana wakubwa. La mwisho: miguu ya mpira naibandika lini? Verni inaonekana kavu baada ya siku moja.

Rangi_Himbi
Kavu ya kushika siyo kavu ya kubeba uzito. Saa 24 unaweza kuunganisha kwa mikono safi, lakini miguu ya mpira na polishi zisubiri siku 7. Mpira ukikaa juu ya verni changa unaichora duara lisilotoka. Kama tayari umebandika, usiichokonoe kwa kisu. Pitisha uzi wa kushonea chini ya mguu, uuvute kama msumeno, gundi iliyobaki ifute kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, siyo kwa tina.